Ajali ya ndege ya TransAsia Airways 235

TransAsia Airways 235 ilikuwa safari ya ndani ya abiria nchini Taiwan iliyoishia katika ajali tarehe 4 Februari 2015. Ndege aina ya ATR 72-600 ilipaa asubuhi kutoka Uwanja wa Ndege wa Songshan jijini Taipei kuelekea kisiwa cha Kinmen. Chini ya dakika tatu baadaye iligonga teksi na ukingo wa barabara ya juu, kisha ikaanguka katika mto Keelung. Kati ya watu 58 waliokuwamo, 43 walikufa na 15 waliokoka.

Ajali ilianza kwa hitilafu ya kifaa cha injini ya kulia. Hitilafu hiyo peke yake haikutosha kuiangusha ndege, maana ATR 72 imeundwa iweze kuendelea kupaa kwa injini moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani aliyekuwa akiiendesha alizima injini ya kushoto, iliyokuwa nzima. Kwa sababu hiyo ajali hii hutajwa mara nyingi katika mafunzo ya marubani kama mfano wa hatari ya kuchukua hatua kabla ya kuhakikisha ni injini ipi yenye kasoro.

Ndege na watu waliokuwamo

ATR 72 ni ndege ya masafa mafupi inayotengenezwa na kampuni ya ATR, ambayo ni ubia wa Ufaransa na Italia. Ina injini mbili, moja katika kila bawa, na kila injini huzungusha propela. Kwa desturi ya usafiri wa anga, injini ya kushoto huitwa namba 1 na ya kulia huitwa namba 2. Injini za ndege hii zilitengenezwa na Pratt & Whitney Canada. Ndege yenyewe, yenye namba ya usajili B-22816, ilikuwa mpya: ilikuwa imetumika kwa muda usiofika mwaka mmoja.

Ndani yake kulikuwa na abiria 53 na wafanyakazi 5. Kati ya abiria, 31 walitoka China bara, wengi wao wakiwa watalii kutoka eneo la Xiamen. Kinmen iko karibu sana na pwani ya Xiamen, ingawa inatawaliwa na Taiwan, na wakati huo watalii wengi walipitia huko walipokwenda na kurudi.

Katika chumba cha marubani walikuwamo watu watatu. Wawili waliokuwa kazini wote walikuwa na cheo cha kapteni: mmoja aliiendesha ndege, na mwenzake alikuwa na kazi ya kufuatilia vipimo, kusoma orodha za ukaguzi na kuzungumza na mnara wa kuongozea ndege. Wa tatu alikaa kiti cha nyuma kama mtazamaji. Wahudumu wawili walikuwa upande wa abiria.

Mfumo unaolinda ndege injini inapokosa nguvu

Ili kuelewa ajali hii inafaa kujua kwanza jinsi propela inavyofanya kazi. Mapanga ya propela yanaweza kugeuzwa yakiwa yamefungwa mahali pake. Injini ikiwa na nguvu, mapanga hukaa kwa pembe inayosukuma hewa nyuma. Injini ikikosa nguvu, mapanga yaliyobaki katika pembe hiyo huikinga hewa inayokuja mbele na kuivuta ndege nyuma. Ni kama kasia: likitumbukizwa majini kwa upana wake huzuia mtumbwi, lakini likigeuzwa ubavu hupita majini bila kuzuia sana. Kwa sababu hiyo, propela ya injini iliyokosa nguvu hugeuzwa mapanga yake yaelekee ubavu.

Wakati wa kupaa ndege huwa chini na mwendo wake bado ni mdogo, kwa hiyo nafasi ya kufanya mambo kwa mkono ni finyu. ATR 72 ina mfumo wa kujiendesha unaopima nguvu ya kila injini. Mfumo huo ukiona nguvu ya injini moja imeshuka, hufanya mambo mawili: hugeuza mapanga ya propela ya upande huo, na huamuru injini ya upande wa pili iongeze nguvu. Marubani huona taa ya onyo na maandishi kwenye skrini yanayotaja injini yenye tatizo.

Kabla ya kupaa, taa ndogo huwaka kuonyesha kwamba mfumo uko tayari. Taa hiyo ilikuwa na nafasi yake katika ajali hii.

Mwenendo wa safari

Ndege ilianza kukimbia kwenye njia ya kurukia mnamo saa 4:51 asubuhi, saa za Taiwan. Katika mwendo huo rubani mfuatiliaji aligundua kwamba taa ya mfumo haikuwaka, akamwambia mwenzake. Rubani mwendeshaji aliamua waendelee. Sekunde chache baadaye taa iliwaka, na ndege ikaacha ardhi saa 4:52.

Sekunde 37 baada ya kuacha ardhi, ndege ikiwa katika kimo cha karibu futi 1,200 (mita 365), onyo lililia. Skrini ilionyesha kwamba injini namba 2, yaani ya kulia, imezimika. Mfumo ulikuwa umegeuza mapanga ya propela ya kulia na kuiongezea nguvu injini ya kushoto, kama ulivyoundwa kufanya. Wakati huo ndege ilikuwa bado inapanda.

Kwa mujibu wa vinasa sauti na vinasa taarifa, mambo yalifuatana hivi tangu onyo lilipolia:

- Baada ya sekunde 3 hivi, rubani mwendeshaji aliondoa uendeshaji wa kujiongoza na kuishika ndege kwa mkono.
- Baada ya sekunde 5 hivi, alisema kwamba anarudisha nyuma wenzo wa nguvu wa injini namba 1. Mwenzake alimwambia asubiri wahakikishe kwanza, lakini wenzo ulikuwa umeanza kurudishwa.
- Baada ya sekunde 22 hivi, ndege ilifika kimo cha futi 1,630 (mita 497), ambacho ndicho kimo cha juu kabisa katika safari hiyo. Mwendo wake ulikuwa umepungua. Karibu na wakati huo rubani mfuatiliaji alitamka kwamba injini iliyozimika ni namba 2.
- Baada ya sekunde 34 hivi, vifaa vilianza kutoa onyo kwamba mwendo ni mdogo mno na mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege.
- Baada ya sekunde 46 hivi, injini namba 1 ilikatiwa mafuta. Tangu hapo ndege haikuwa na injini yoyote iliyoisukuma.
- Baada ya sekunde 57 hivi, rubani mfuatiliaji aliitangazia hali ya dharura idara ya kuongoza ndege, akisema injini imezimika.
- Baada ya dakika moja na nusu hivi, marubani walitambua kwamba pande zote mbili hazina nguvu. Rubani mwendeshaji akaagiza mara kadhaa injini iwashwe upya.
- Sekunde chache kabla ya ndege kuanguka, alitamka kwa mshangao kwamba alikuwa amerudisha wenzo usio wake.

Injini ya kushoto ilikuwa imeanza kuwaka tena, lakini ndege ilikuwa chini mno. Ililalia upande wa kushoto, bawa likagonga teksi iliyokuwa ikipita kwenye barabara ya juu ya Huandong pamoja na ukingo wa barabara hiyo, kisha ndege ikaanguka mtoni na kubinuka. Ilikuwa saa 4:54 asubuhi. Kutoka onyo la kwanza hadi ndege kuanguka zilipita sekunde 117.

Dereva wa teksi na abiria wake walijeruhiwa, lakini walipona. Kamera za magari yaliyokuwa barabarani zilinasa ndege ikipita kwa ubavu mbele yao, na picha hizo zilionyeshwa duniani kote siku hiyohiyo.

Uokoaji

Mto Keelung unapita katikati ya eneo lenye wakazi wengi, kwa hiyo waokoaji walifika mapema. Mwili wa ndege ulikuwa umelala kichwa chini, sehemu yake ikiwa imezama. Waokoaji walitumia mashua za mpira na kamba kuwatoa watu. Mmoja wa waliotolewa hai ni mtoto mdogo, ambaye wazazi wake pia waliokoka. Kati ya wafanyakazi watano, aliyeokoka ni mhudumu mmoja tu wa abiria. Marubani wote watatu walikufa.

Vinasa taarifa vya ndege, maarufu kama visanduku vyeusi, vilipatikana siku hiyohiyo, na winchi zilitumika kuinua mabaki kutoka mtoni. Wapiga mbizi waliendelea kutafuta miili kwa siku kadhaa katika maji baridi yenye matope.

Mwanzoni watu wengi walimsifu rubani mwendeshaji. Waliotazama picha walisema alikuwa amejitahidi kuyakwepa majengo marefu na kuipeleka ndege mtoni. Siku mbili baada ya ajali, Baraza la Usalama wa Anga la Taiwan lilitoa taarifa za awali kutoka visanduku vyeusi. Ndipo ilipojulikana kwamba onyo lilihusu injini ya kulia, na iliyozimwa ilikuwa ya kushoto.

Uchunguzi

Uchunguzi uliendeshwa na Baraza la Usalama wa Anga la Taiwan, likishirikiana na wataalamu wa nchi zilikotengenezwa ndege na injini. Taarifa ya mwisho ilikamilika katikati ya mwaka 2016. Matokeo yake yanaweza kugawanywa katika sehemu tatu.

Kifaa kilichotoa taarifa ya uongo

Injini ya kulia haikuwa imeharibika. Wachunguzi walifuatilia chanzo hadi kwenye kifaa cha kielektroni kinachohusika na kugeuza mapanga ya propela. Maungio ya lehemu ndani ya kifaa hicho yalikuwa na nyufa, na kwa hiyo mawasiliano ya umeme yalikuwa yakikatika na kurudi. Ishara ya nguvu ya injini ilipokatika, mfumo ulielewa kwamba injini imekosa nguvu, ukageuza mapanga. Hivyo ndege ilipoteza msukumo wa upande wa kulia kwa sababu ya ufa mdogo wa lehemu, ingawa injini yenyewe ingeweza kufanya kazi.

Wachunguzi waliitazama pia taa iliyochelewa kuwaka. Marubani wa kampuni walitarajiwa kusimamisha ndege endapo mfumo hauko tayari, lakini kampuni haikuwa na maelekezo ya maandishi yaliyo wazi kuhusu jambo hilo kwa ndege za ATR 72-600. Kama ndege ingesimamishwa kwenye njia ya kurukia, ingerudi kwa mafundi na abiria wake wote.

Injini isiyo yenyewe

Utaratibu wa dharura wa injini kuzimika wakati wa kupaa unaanza na jambo moja: kuendelea kuiongoza ndege vizuri hadi ifike kimo salama. Baada ya hapo marubani wawili hutazama vipimo pamoja na kukubaliana ni injini ipi yenye tatizo. Wenzo wowote unapotaka kuguswa, mmoja huutaja na mwenzake huthibitisha kabla haujasogezwa. Hakuna haja ya kuharakisha hatua hiyo, kwa kuwa mfumo wa kujiendesha huwa umeshageuza propela na kuongeza nguvu ya injini nzima.

Katika safari hii utaratibu huo haukufuatwa. Rubani mwendeshaji alishika wenzo wa namba 1 ndani ya sekunde chache, wakati skrini ilitaja namba 2. Mwenzake alimtahadharisha na baadaye akataja injini sahihi, lakini hakumzuia, na uratibu kati yao ulivunjika. Ndege ilipopungua mwendo na kutoa maonyo ya kushindwa kubebwa na mabawa, maonyo hayo nayo hayakushughulikiwa kwa wakati. Marubani walipotambua kosa, kimo kilichobaki hakikutosha kuiwasha injini na kupanda tena.

Dalili zilizoonekana mapema

Wachunguzi hawakuishia kwa rubani mmoja. Rubani mwendeshaji alikuwa zamani rubani wa jeshi la anga, akajiunga na TransAsia mwaka 2010. Katika mwaka 2014 alipokuwa akipimwa ili apandishwe cheo kuwa kapteni, alishindwa jaribio la kwanza katika mtambo wa mazoezi unaoiga ndege. Alipimwa tena wiki kadhaa baadaye akafaulu. Kumbukumbu za wakufunzi zilieleza kwamba alikuwa na wasiwasi anapofanya kazi chini ya shinikizo, alikuwa na tabia ya kuharakisha, na hakuwa imara katika utaratibu wa injini kuzimika wakati wa kupaa.

Kwa maneno mengine, udhaifu uliojitokeza angani tarehe 4 Februari ulikuwa umeandikwa tayari katika faili lake la mafunzo. Taarifa ilisema kwamba kampuni haikuushughulikia udhaifu huo ipasavyo, na kwamba usimamizi wa mamlaka ya usafiri wa anga juu ya mafunzo ya kampuni nao ulikuwa na mapungufu.

Ajali ya zaidi ya miezi sita kabla

Hoja hiyo ilikuwa nzito zaidi kwa sababu TransAsia ilikuwa imepata ajali nyingine muda mfupi kabla. Tarehe 23 Julai 2014 safari namba 222, iliyotumia ATR 72-500, ilianguka ilipokuwa ikijaribu kutua Magong katika visiwa vya Penghu, katika hali mbaya ya hewa iliyoandamana na kimbunga Matmo. Watu 48 walikufa na 10 waliokoka. Sababu za ajali hizo mbili hazifanani, lakini wachunguzi walikuta tatizo moja katika zote: marubani kutofuata taratibu zilizowekwa, na kampuni kushindwa kuzuia tabia hiyo isiendelee.

Matokeo

Baada ya ajali ya mwaka 2015, mamlaka ya usafiri wa anga ya Taiwan iliamuru marubani wa ATR wa TransAsia wafanyiwe mtihani wa taratibu za dharura. Marubani 10 hawakufaulu, wakasimamishwa kurusha ndege hadi wapate mafunzo zaidi. Kampuni ililazimika kufuta safari nyingi.

Taarifa ya mwisho ilitoa mapendekezo kwa kampuni, kwa mamlaka ya serikali, na kwa watengenezaji wa ndege, injini na kifaa kilichokuwa na nyufa. Kwa upande wa kampuni, mkazo uliwekwa katika mafunzo ya marubani, upimaji wa wanaopandishwa cheo, na ushirikiano ndani ya chumba cha marubani.

TransAsia, iliyoanzishwa mwaka 1951 na kuwa kampuni ya kwanza ya binafsi ya usafiri wa anga nchini Taiwan, ilipoteza imani ya abiria na kupata hasara. Tarehe 22 Novemba 2016 ilisimamisha safari zake zote na kufungwa.

Ajali inayofanana nayo

Kuzima injini nzima badala ya mbovu kulitokea pia kabla ya hapo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa tarehe 8 Januari 1989, wakati Boeing 737-400 ya kampuni ya British Midland ilipoanguka karibu na kijiji cha Kegworth nchini Uingereza. Panga moja la injini ya kushoto lilivunjika angani, ndege ikatetemeka na moshi ukaingia ndani. Marubani waliizima injini ya kulia, iliyokuwa nzima. Mtetemo ulipungua, nao wakaamini wamefanya sawa. Injini ya kushoto ilikufa walipokuwa wakikaribia kutua, na watu 47 kati ya 126 walipoteza maisha.

Tofauti ya ajali hizi mbili ni muda. Marubani wa Kegworth waliruka kwa dakika nyingi wakiwa na imani isiyo sahihi, lakini wale wa Taipei walikuwa na chini ya dakika mbili. Kinachofanana ni kwamba katika kila moja kulikuwa na injini nzima ambayo ingeweza kuirudisha ndege uwanjani. Kwa sababu hiyo wakufunzi wa marubani husisitiza kwamba injini ikizimika, kazi ya kwanza ni kuiendesha ndege, ya pili ni kuitambua injini yenye kasoro kwa macho ya watu wawili, na ya tatu tu ndiyo kugusa wenzo.